Nikinyamaza, Simama

Mwanangu Atupele,

Barua huanza kwa kusema mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali. Sasa wewe hauko mbali. Uko chumba cha pili unapanga nguo, nasikia unavyogombana na zipu ya begi. Na uzima wangu unaujua: mzima kila mahali isipokuwa koo. Upepo huu wa Juni umetumwagia vumbi la foleni yote ya malori, sauti imebaki ya kukwaruza, na daktari kasema ninyamaze wiki nzima. Mimi! Ninyamaze! Basi nimemtii kwa kushika kalamu.

Ila nisikudanganye, si koo peke yake. Tangu juzi mimi na wewe tuko nyumba moja na hatuna maneno zaidi ya "chaja iko wapi" na "maharage yameiva". Kesho asubuhi unaondoka na lori kwenda Ndola, na huko huko ndiko utakakokaa, kwa tajiri wa malori aliyekuajiri. Sitaki uvuke mpaka tukiwa hivi. Barua hii naiweka juu ya jaketi lako la kazi, uisome kabla hujaenda yadini. Usiisome ukiwa kwenye usukani, nakujua wewe.

Mambo ya kula vizuri, kulala mapema na kumcha Mungu sitayaandika. Akili unazo, leseni ya malori unayo, na umeshika magari ya watu mpaka Mbeya na kurudi bila kukwaruza hata bampa. Nataka tuzungumze neno moja tu la Kizungu, lile lile lililotutia mdomoni mwa watu. Wenyewe wanaliandika "come". Mimi nalitamka kamu, wewe unalitamka kam na kufunga mdomo hapo hapo kama mtu aliyeona nzi anakuja.

Tuanze na juzi. Nayarudia unayoyajua kwa sababu nikiyaacha kichwani yanachacha. Uliingia yadini na lori lako limeshapakiwa. Nikasimama nyuma ya tela, kama ninavyosimama nyuma ya kila tela tangu ukiwa mgongoni kwangu, nikaanza kukuita urudi nyuma: kamu, kamu, kamu. Sauti mbovu, nakubali. Madereva walikuwa wamekaa pale ukutani wanakunywa chai. Mmoja akaniiga, anakwaruza koo, "kamuuu," wenzake wakacheka. Na wewe ukapandisha dirisha. Nililiona linapanda. Ukaingia mwenyewe kwa vioo vya pembeni, taratibu, ukalilaza gari mahali pake sawasawa, sina la kukosoa. Ukashuka, ukaniambia mbele ya watu, "Mama, ni kam, siyo kamu. Pumzisha sauti yako. Siku ya kutoka nitatoka mwenyewe."

Mpaka sasa sijui ulisema kwa huruma au kwa aibu. Niliumia, Atu. Ningeweza kukujibu, mdomo wangu unaujua, lakini nikanyamaza nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Sasa acha nikusimulie mimi na neno hili tulikotoka. Mengine unayajua, mengine huyajui, na moja sijawahi kukuambia.

Mara ya kwanza nililisikia darasani, kule kwetu Itumba. Tulikuwa watoto wa milimani, nyumbani Kindali asubuhi mpaka jioni, hata Kiswahili tulikisemea shuleni tu. Mwalimu alikuwa akisimama mlangoni anasema "Come here!" na mkono mmoja uko nyuma ya mgongo. Hatukujua kwamba maana yake ni njoo hapa. Tulijua maana yake ni fimbo. Siku alipoliandika ubaoni tulisome, darasa zima tukasoma kama lilivyoandikwa: ko-me. Kome! Kome! Nikamwambia mwenzangu, basi kumbe muda wote huu anatuambia tukome. Mwalimu alicheka mpaka akaegemea ubao, na siku hiyo hakuchapwa mtu. Ndiyo nikajifunza kwamba Kizungu kinaandikwa kivingine na kusomwa kivingine, na nikakiacha palepale. Nilisema huyu ni mtu wa kauli mbili, simwezi.

Nilipokuja Tunduma nilikuwa msichana, nimemfuata shangazi aliyekuwa akiuza chai na vitumbua yadini. Siku moja akaingia dereva wa Kikongo, yuko peke yake, yadi imejaa, limebaki pengo moja kati ya matela mawili. Mimi napita na chupa yangu ya chai. Akatoa kichwa dirishani akaniambia maneno mengi, sijui Kifaransa, sijui Kilingala. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba chai ipo. Akanyoosha kidole nyuma, akakunja uso kama anayeomba. Tukatazamana. Ndipo likanitoka lile neno la fimbo. "Kamu!" Gari likarudi kidogo. "Kamu!" Likarudi tena. Weee! Matairi yote yale, mzigo wote ule, linanifuata mimi niliyevaa kanga ya shangazi. Nikaita mpaka likalala. Yule bwana akashuka, akanipa mkono kwa mikono miwili. Shangazi akasema, "Kazi yako ya chai imekwisha," na kweli ilikwisha.

Kwa hiyo nisikilize, mwalimu wangu. Kam ni sahihi, sibishani. Ukienda ofisini kwa tajiri wako sema kam, na mimi ningekuwa na mdomo wako ningesema hivyo hivyo tena kwa maringo. Ila pale nyuma ya tela, kam inamezwa na injini. Inahitaji mkia. Ile "ka" inamgonga dereva sikioni, ile "mu" inamwambia bado naona, bado pana nafasi, endelea. Wakongo wakifika wanasema kom. Wale wa kusini kabisa wanasema kam kama wewe. Wakikaa foleni siku mbili tatu hapa kwetu wote wanakuwa wa kamu. Wazambia ndiyo usiseme, wao hata nyumbani kwao neno la Kizungu hawaliachi litoke bila kuvaa herufi ya mwisho, na sisi ni hivyo hivyo. Ndiyo maana ng'ambo huko wananiita "ba mayo Kamu", yaani mama Kamu kwa heshima, na hakuna anayelijua jina langu la ubatizo. Sijawahi kulionea haya. Juzi ndiyo mara ya kwanza, na haya zenyewe nilizipata kwako.

Sasa hivi umechungulia mlangoni. "Unaandika nini?" Nikakuonyesha koo. Umesema "Haya" ukaondoka. Ungejua!

Basi neno lenyewe halikukaa yadini. Lilinifuata kila mahali, kila mahali limevaa nguo nyingine. Nilipovuka kwenda Nakonde mara ya kwanza, afisa wa mpakani akaniuliza "Where do you come from?" Mimi katika maneno yote hayo nimesikia moja tu ninalolijua. Nikasogea. Akauliza tena, kwa sauti. Nikasogea tena, sasa nimegusa meza yake. Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa Kiswahili, "Anakuuliza umetoka wapi!" Jamani. Njoo imekuwa kutoka. Nikamwambia Itumba, akaniandikia nipite, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Na kanisani, unakumbuka yule mhubiri mgeni kutoka ng'ambo, anayerudi kinyumenyume jukwaani huku amenyoosha mikono anaita watu watubu, "Come! Come! Come!" Watu wanalia, wanakwenda mbele. Mimi namtazamia ukuta ulioko nyuma yake. Nilishainua mkono kumwonyesha asimame, mzee wa kanisa akadhani nimeguswa na Roho, akaja kunishika bega anipeleke mbele. Nilikwenda. Ningesema nini?

Hata wewe. Watu wanasema mtoto huanza kwa kusema mama. Wewe ulianza kwa kamu. Ulikuwa unatambaa kwenye vumbi la yadi nyuma ya vifaranga vya jirani unaviita, "Kamu, kamu, kamu," na vinakimbia upande mwingine. Madereva walikufa kwa kicheko. Nilijivuna siku nzima.

Halafu kuna baba yako. Humu sitaongeza chumvi. Baba yako alikuwa dereva, Mnamwanga wa ng'ambo, mtu wa utani, mkarimu, na akiimba ndani ya kichwa cha lori yadi nzima inatulia. Wazambia wana kawaida ya kusema "I'm coming" huku wanatoka mlangoni, kama sisi tunavyosema "nakuja" tukiwa tumeshatoa mguu nje. Kila safari alisema hivyo. Na mara nyingi alikuja. Hilo lisemwe, mara nyingi alikuja, na mkate mkononi, na kibiriti cha Zambia ambacho hakikuwa na maana yoyote. Safari ya mwisho alisema vile vile, kwa sauti ile ile. Akaenda Solwezi, na huko akaoa.

Nilimfunikia chakula muda mrefu kuliko inavyompasa mwanamke mwenye akili. Shangazi aliniambia, "Huyo haji, lala." Mimi nikamjibu, "Kasema anakuja." Atu, nimekaa na jambo hili miaka mingi, na siku hizi haliniumi, ninaliangalia tu. Wanaume wangapi wameondoka hapa mpakani, sitakufundisha kuwachukia. Kosa langu ninaloliona ni kwamba hata siku moja sikumuuliza: wewe ukisema unakuja, unamaanisha nini? Lini? Kwa nani? Nilisikia neno lake nikalijazia maana yangu, nikaenda kulala nayo. Na sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Kuuliza si ujinga, tunasema, na ni kweli. Woga ndio unaotufunga mdomo.

Sasa nije kwenye lile ambalo sijawahi kukuambia.

Unajua jiko langu la kwanza pale yadini lilivunjwa na lori. Umesikia ninavyolisimulia, watu wanacheka, sufuria ya makande imegeuka chapati, ukuta wa tofali mbichi chini, nami namtukana dereva kwa Kindali. Yote ni kweli. Ila kuna kipande huwa nakiruka.

Dereva alikuwa mgeni, ametoka mbali kusini, siku yake ya kwanza hapa. Nikasimama nyuma nikaanza kumwita, kamu, kamu. Gari linarudi vizuri. Ndipo akatokea mama mdogo kutoka Ndalambo, hatujaonana tangu mavuno, na kiroba cha mchele kichwani. Nikageuka nikamsalimia. Nikanyamaza. Kwa ajili ya salamu tu! Pale yadini kwetu hilo si hatari, kila dereva anajua mwitaji akinyamaza unakanyaga breki papo hapo, kwa sababu huwezi kujua amejikwaa, ameanguka, au yuko chini ya tairi. Sauti ni njia, ukimya ni breki. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na hivyo ndivyo nilivyodhani dunia nzima imefundishwa.

Kumbe kwao ni kinyume. Kwao mwitaji anapiga kelele pale tu penye hatari. Akinyamaza maana yake ni mambo sawa, rudi tu. Basi mimi nimenyamaza, na yeye akazidi kurudi tu.

Wewe nilikuwa nimekulaza humo jikoni, kwenye mkeka, chini ya ule ukuta.

Sikumbuki nilivyokimbia. Nakumbuka vumbi, na mama mdogo anapiga yowe, na mchele umemwagika. Nilishika tofali la kwanza nikalitupa, la pili nikalitupa. Halafu nikasikia nyuma ya choo, mbali kabisa na pale, "Kamu, kamu, kamu." Ulikuwa umeamka, umetoka kimya kimya, unafukuza vifaranga.

Nilikaa chini kwenye matofali yale. Yule dereva alikuja, amepauka kuliko mimi. Nilimtukana kwa Kindali, akanijibu kwa lugha ya kwao, na sasa najua wote wawili tulikuwa sahihi. Yeye alifuata ukimya kama alivyofundishwa. Mimi nilinyamaza nikijua atasimama, kama nilivyofundishwa. Tulichokosa ni kuulizana kabla ya kuanza.

Tangu siku hiyo, umeniona mwenyewe, hakuna gari ninaloliita kabla sijaenda kwenye dirisha la dereva nikamuuliza, "Nikinyamaza, unafanya nini?" Wengine wananicheka. Wengine wananijibu, "Mama, kila mtu anajua." Nawaambia kila mtu simjui, nakuuliza wewe. Ulikuwa ukinikera utotoni unapouliza kwa nini nasumbua madereva watu wazima. Sasa umepata jibu.

Kwa nini nakuandikia haya leo? Kwa sababu juzi nilinyamaza, na jana nikanyamaza, na leo mchana nilipokuwa nakatakata mboga nikashtuka hivi, kisu mkononi. Nikasema, mama Atu, umerudia lile la jikoni. Na safari hii hakuna hata salamu ya mama mdogo wa kusingizia.

Ukimya wangu ulikuwa na maana ya simama. Ulikuwa unasema, mwanangu, subiri, umenigusa pabaya, kanyaga breki uje tuzungumze. Lakini sikukuuliza wewe unausomaje. Labda umeusoma kama yule mgeni: mambo sawa, mama amekubali, endelea kufunga begi. Labda umeusoma kwamba nimekususa. Sijakususa, Atu. Hata ungeniambia sauti yangu ni ya kunguru nisingekususa. Nami ukimya wa kwako siujui. Unaponiuliza chaja iko wapi, unauliza chaja, au unajaribu kuona kama nitajibu kwa ukali? Kama umeudhika, sema. Kama ulinionea aibu mbele ya wale wanywaji chai, sema pia, sitakufa. Nami shangazi nilimwonea aibu kwa sababu ya kupiga chafya kwa nguvu, na nilimpenda mno. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ukuta nimeshajenga mara moja kwa mikono yangu, wa tofali, najua unavyochosha.

Huko uendako lugha utaiweza, Kizungu chako ni kizuri na Kibemba utakiokota barabarani. Maneno yao hayanitishi. Kinachonitisha ni pale watakaponyamaza. Tajiri akikaa kimya ukimweleza breki zina kasoro, ni kwamba kakubali au hakusikia? Kijana akikutazama bila neno, ni nini? Muulize. Wenzio wakinyamaza ukiingia chumbani, waulize. Utaonekana mshamba siku ya kwanza. Uwe mshamba, ni siku moja.

Na mimi na wewe tukubaliane kabla gari halijaanza kutembea. Ukinyamaza siku nyingi bila kupiga simu, nitajua uko barabarani hakuna mtandao, sitajaza maana yangu, sitakufunikia chakula huku nalia. Nitajitahidi. Lakini mimi nikinyamaza, wewe usiendelee. Simama upige. Mimi si mtu wa kunyamaza bure, daktari mwenyewe ameshindwa.

Sasa kesho. Juzi ulipita geti kwa pua ndipo ukarudi nyuma kujipanga, kwa hiyo lori limelala pua ndani, tela limeelekea getini, na lazima utoke kinyumenyume hadi barabarani. Kulia kwako pako wazi, utaona kila kitu. Kushoto, pale getini, kuna ule mtaro waliouchimba mwaka huu. Tela likianza kupinda, kioo cha kushoto kinakuonyesha ubavu wa tela tu, mtaro huuoni. Sisemi huwezi. Nimekuona juzi, unaweza, na ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ningekupigia makofi pale pale. Nakupigia sasa, kwa kuchelewa. Ulivyoingia juzi hata baba yako hakuwa akiingia hivyo.

Nyumba itapwaya. Nimeshaiona inapwaya na bado umo ndani. Ndiyo hivyo, sitaandika zaidi hapo.

Nimekunywa tangawizi mpaka masikio yanawaka, na kutwa nzima sikusema neno na mtu, kwa hiyo sauti ya asubuhi ninayo, hata kama ni ya kukwaruza. Nitakuwa nimesimama kushoto, kwenye ukingo wa mtaro, mahali ambapo hutaniona. Wale wa chai watakuwepo ukutani, na watacheka, kazi yao ndiyo hiyo. Ukija na dirisha limepanda, nitajua umeamua kutoka mwenyewe. Nitasogea pembeni nikupungie mkono. Nitanuna kidogo, mpaka mchana hivi, halafu nitakupigia simu kukuuliza umefika wapi.

Lakini ukishusha dirisha, nitakuja kwanza hapo mlangoni nikuulize swali langu, nawe unijibu kama dereva yeyote. Halafu nitarudi nyuma nikuite. Kamu, kamu, kamu, na mkia wake, mpaka tairi la mwisho livuke mtaro na gari linyooke barabarani.

Hapo nitanyamaza. Nikinyamaza, simama. Nitafute kwenye kioo, nitakuwa nimeshaonekana. Tutazamane kidogo, mwanangu, halafu nenda.

Mama yako,
wa kamu.